Kuchagua Nyuzi za Gitaa Kavu: Unene Kwanza, Madini Baadaye

Mwanafunzi wangu mmoja alikaribia kuliacha gitaa katika mwezi wake wa pili. Vidole vilikuwa vimechubuka, kodi ya F (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) haitoki kwa namna yoyote, na alikwisha kujiaminisha kwamba mikono yake haikuumbwa kwa ajili ya muziki. Nilipolipokea gitaa lake nililiona tatizo kabla sijapiga noti hata moja. Lilikuwa limefungwa nyuzi za 13, nyuzi nene ambazo hata mpigaji mzoefu huzifunga akiwa na sababu yake. Tukazitoa, tukafunga za 11. Gitaa ni lilelile na mikono ni ileile, lakini wiki iliyofuata F ilisikika, nyuzi zote sita.

Tangu siku hiyo, mtu akinilalamikia gitaa lake, swali langu la kwanza ni hili: umefunga nyuzi gani? Wengi hawajui. Walinunua gitaa likiwa na nyuzi, na zilipokatika wakanunua zozote walizozikuta.

Nyuzi ni mzigo. Seti ya kawaida ya nyuzi za chuma hulivuta gitaa kwa nguvu ya kilo 74 hivi, usiku na mchana, hata gitaa likiwa limetundikwa ukutani. Mzigo huo hubebwa na ubao wa mbele ambao unene wake ni milimita 3 tu au pungufu, ukisaidiwa na vijiti vilivyogundishwa ndani. Kwa hiyo anza na unene, ndipo uje kwenye madini. Unene huamua kama gitaa lako na mkono wako vitastahimili, na madini huamua sauti itakuwa ya namna gani. Anayeanza na madini kwa sababu ameona pakiti inayong'aa mara nyingi hujikuta ananunua tena baada ya wiki mbili.

Hatua ya 1: Hakikisha gitaa lako ni la nyuzi za chuma

Usiiruke hatua hii hata kama una hakika. Magitaa kavu yako ya aina mbili, na kwa mbali hufanana.

Gitaa la klasiki hutumia nyuzi za naironi. Utalijua kwa shingo yake pana, kama milimita 52 pale juu shingo inapokutana na kichwa, na kwa kichwa chenye nafasi mbili ndefu zilizotobolewa katikati. Kwenye daraja, kile kipande kilichogundishwa juu ya ubao wa mbele ili kuzishika nyuzi, nyuzi hufungwa kwa fundo. Gitaa la nyuzi za chuma lina shingo nyembamba zaidi, milimita 43 au 44, na mara nyingi nyuzi zake hushikwa kwenye daraja na pini sita ndogo. Ukizipapasa nyuzi tatu nyembamba, za naironi ni laini kama mshipi wa kuvulia samaki, na za chuma ni waya mtupu.

Tofauti kubwa imo ndani. Seti ya naironi huvuta kwa kilo 39 hivi, karibu nusu ya seti ya chuma, kwa hiyo mafundi hulijenga gitaa la klasiki kwa mbao nyepesi na vijiti vyembamba vilivyotandazwa kama upepeo. La chuma huwekewa vijiti vinene vilivyokatana kama herufi X, na ndani ya shingo yake kuna fimbo ya chuma ya kupambana na mvutano. Niliwahi kuletewa gitaa zuri la klasiki ambalo daraja lake lilikuwa limeng'oka na kuondoka na vipande vya ubao. Mwenyewe alilifunga nyuzi za chuma za 10, akidhani kwamba wembamba wake utalinusuru. Hata hizo za 10 huvuta kwa kilo 60 hivi, mara moja na nusu ya kile gitaa lile liliumbiwa kubeba. Kwa hiyo nyuzi za chuma usizifunge kwenye gitaa la naironi, ziwe nyembamba namna gani. Ukifanya kinyume chake, yaani naironi kwenye gitaa la chuma, hakuna kinachovunjika, lakini sauti itatoka dhaifu kwa sababu ubao ni mzito mno kwa nyuzi hizo kuutikisa.

Kuanzia hapa nitazungumzia nyuzi za chuma, na naironi nitairudia baadaye kidogo.

Hatua ya 2: Soma namba, usisome majina

Kila pakiti ina namba. Namba hizo ni unene wa uzi katika sehemu za elfu za inchi. Mtu akisema amefunga nyuzi za 12 anataja uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote: inchi 0.012, yaani milimita 0.305. Pakiti iliyoandikwa 12–53 inaanza na uzi huo na kuishia na uzi wa sita wenye inchi 0.053, kama milimita 1.35.

Seti utakazokutana nazo mara nyingi ni nne. Ya 10–47 ndiyo nyembamba kabisa kati ya zile za kawaida. Ya 11–52 ni ya kati kwa kati, na mimi humpa karibu kila anayeanza. Ya 12–53 ndiyo inayofungwa kiwandani kwenye magitaa mengi makubwa. Ya 13–56 ni nzito. Kwa gitaa la urefu wa kawaida, mvutano wa jumla huanzia kilo 60 hivi kwa seti ya 10, hufika kama kilo 68 kwa ya 11, kilo 74 kwa ya 12, na hupita kilo 80 kwa ya 13.

Juu ya pakiti kuna majina pia: laiti, eksitra laiti, midiamu na mengineyo. Usiyategemee. Kampuni moja huita laiti seti ambayo nyingine imeipa jina tofauti, na kwenye gitaa la umeme maneno hayohayo hutaja nyuzi nyembamba zaidi. Namba haina utata huo.

Kama hujui nyuzi zilizopo sasa ni za ngapi, zipime kwa mikromita au kalipa ya kidijitali, uzi wa kwanza na wa sita tu vinatosha. Kama huna kifaa, tafuta maelezo ya kiwanda kwa kutumia jina la modeli, ambalo mara nyingi limebandikwa ndani ya kasha na huonekana ukichungulia kwenye tundu la sauti. Kiwanda husema gitaa lilitoka na nyuzi gani, na huo ndio unene ambao shingo, mifereji ya juu na daraja viliandaliwa kwa ajili yake.

Hatua ya 3: Elewa kwa nini tofauti ndogo ina uzito mkubwa

Kutoka 11 hadi 12 ni ongezeko la milimita 0.025. Jicho halilioni, lakini mkono unalihisi mara moja.

Ukitaka uzi mnene utoe noti ileile ya uzi mwembamba, lazima uukaze zaidi, na mvutano huo hukua kwa mraba wa unene. Uzi wa kwanza wa 13 huvuta kwa asilimia 17 zaidi ya wa 12. Uzi wa 12 huvuta kwa asilimia 44 zaidi ya wa 10. Kwenye gitaa la kawaida uzi mmoja wa 12 uliokazwa hadi noti ya E huvuta kwa kilo kumi na nusu hivi, na hizo ni nguvu ambazo kidole chako huzishinda kila unapobonyeza au kuusukuma uzi pembeni ili sauti ipande.

Mambo mengine mawili hugusa mvutano, na kuyajua kutakuokolea fedha.

La kwanza ni urefu wa uzi kutoka mwanzo wa shingo hadi darajani. Modeli mbili za kampuni ya Martin, OM-28 na 000-28, zina mwili wa ukubwa mmoja, lakini ya kwanza ina milimita 645 na ya pili milimita 632 hivi. Kwa nyuzi zilezile, hiyo fupi huwa na mvutano pungufu kwa asilimia 4, na nyuzi huonekana laini kidoleni. Kwa hiyo usishangae nyuzi za 12 za rafiki yako zikikuonea huruma kuliko za 12 zako. Pima gitaa lako: weka futi kamba mwanzo wa shingo, soma hadi freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo), kisha zidisha kwa mbili.

La pili ni kutyuni. Ukishusha nyuzi zote kwa nusu toni, mvutano hupungua kwa asilimia 11. Ukishusha toni nzima hupungua kwa asilimia 21 hivi. Anayeanza ambaye hana nyuzi nyingine karibu anaweza kushusha nusu toni leo hii, kisha akaweka kapo, yaani kibanio cha shingo kinachopandisha noti, kwenye freti ya kwanza anapotaka kupiga na wenzake. Nimewasaidia wengi kwa njia hii kabla hata hawajanunua chochote.

Hatua ya 4: Liulize gitaa linaweza kubeba nini

Magitaa makubwa ya umbo la dredinoti yana ubao mpana unaohitaji nguvu ili utikisike. Ukiyafunga nyuzi za 10 yatalia, lakini ni kama ngoma iliyolegezwa: sauti ipo, kifua hakipo. Hayo yanapendeza kwa za 12, na kama yamejengwa kwa nguvu na mpigaji anataka, kwa za 13. Magitaa madogo ya umbo la pala (parlor), na yale ambayo shingo yake hukutana na mwili kwenye freti ya 12, mara nyingi yana ubao mwepesi unaoamka kwa nguvu ndogo. Za 11 huyatosha, na kuna yanayoimba vizuri hata kwa za 10.

Gitaa la nyuzi kumi na mbili lina hesabu yake. Nyuzi zimeongezeka maradufu, kwa hiyo seti yake ya kawaida huanzia 10, na wapo wanaolishusha toni nzima ili shingo ipumue. Usijaribu kulifunga nyuzi nene kwa kuwa tu gitaa lako la nyuzi sita linazimudu.

Gitaa kuukuu, au lolote ambalo historia yake huijui, lichunguze kabla ya kulipandishia unene. Litazame kwa ubavu, jicho likiwa sawa na ubao wa mbele. Mwinuko kidogo nyuma ya daraja ni wa kawaida, kwa sababu ubao unaobeba kilo sabini haubaki tambarare. Lakini kama tumbo limejaa wazi na upande wa mbele wa daraja umezama kuelekea tundu la sauti, shuka unene, usipande. Kisha chukua kipande cha karatasi nyembamba ujaribu kukipenyeza chini ya ukingo wa nyuma wa daraja. Kikiingia zaidi ya milimita moja au mbili, gundi imeanza kuachia. Legeza nyuzi siku hiyohiyo, umpelekee fundi. Daraja linaloachia likigundishwa mapema ni kazi ndogo. Likishang'oka lenyewe huondoka na ubao.

Hatua ya 5: Uliza mkono wako unafanya nini

Hapa ndipo ushauri wa jumla huwapoteza watu, kwa sababu nyuzi zinazomfaa mpigaji mmoja humtesa mwingine mwenye gitaa kama lake.

Anayecharaza kwa piki, kile kibamba kidogo cha kupigia nyuzi, akisindikiza uimbaji huhitaji nyuzi zinazostahimili kupigwa. Nyuzi nyembamba zikipigwa kwa nguvu hutanuka mno, zikagonga freti na kutoa mkwaruzo, na kila pigo la nguvu huipandisha noti kidogo kabla haijatulia. Mtu wa namna hii akisema gitaa lake linakwaruza, mara nyingi dawa ni kutoka 10 kwenda 12, wala daraja halihitaji kuinuliwa. Anayedonoa kwa vidole anaweza kukaa raha na 11 au 12. Nyuzi nyepesi hujibu mguso mdogo, naye hana pigo zito la kuogopa. Anayependa kusukuma nyuzi pembeni ili zilie kama sauti ya mwimbaji asipite 11.

Wanaoshusha baadhi ya nyuzi kwa ajili ya mitindo ya kutyuni kama DADGAD, yaani noti za nyuzi sita zikiwa D-A-D-G-A-D, au wanaopiga kwa kuteleza na bomba la kioo, waende upande wa unene. Uzi wa sita wa 53 ukishushwa kutoka E hadi D hupoteza sehemu moja kwa tano ya mvutano wake na kuanza kulegea kama kamba ya kuanikia nguo. Uzi wa 56 huurudishia uimara. Ukishusha nyuzi mbili au tatu tu, si lazima ubadilishe seti nzima. Seti ya 12–56, nyembamba juu na nene chini, imetengenezwa kwa mahitaji ya namna hii, na unaweza pia kununua uzi mmoja mmoja ukaipanga seti yako mwenyewe.

Kwa anayeanza, jibu langu ni 11, isipokuwa gitaa ni dogo sana au mkono ni wa mtoto, hapo 10. Wapo walimu wanaosisitiza kuanza na nyuzi nene ili vidole viote sugu. Siafikiani nao. Sugu huota kwa kupiga kila siku, na mtu hupiga kila siku kile kisichomuumiza. Ukikaa miezi sita na 11, panda 12 usikie gitaa likifunguka, na kama mkono umekubali, baki huko.

Hatua ya 6: Sasa chagua madini

Kwanza jambo ambalo pakiti halikuambii waziwazi: madini yaliyoandikwa juu yanahusu nyuzi nne tu. Uzi wa kwanza na wa pili ni waya wa chuma mtupu, mara nyingi uliopakwa bati kidogo, na haubadiliki sana kutoka pakiti hadi pakiti. Kuanzia wa tatu hadi wa sita, ndani kuna kiini cha chuma, na juu yake umeviringishwa waya mwingine. Waya huo wa nje huongeza uzito bila kuufanya uzi uwe mgumu kupindika, na huo ndio unaotajwa kama bronzi, nikeli au kinginecho. Kwa hiyo ukiona uzi wa kwanza unalia kwa ukali usioupenda, kubadili madini hakutakusaidia sana. Badili unene wake, au badili piki.

Bronzi ya 80/20 ni shaba asilimia 80 na zinki asilimia 20. Kwa kemia hiyo si bronzi hata kidogo, kwani shaba na zinki hufanya ile shaba ya njano ya vyombo na makufuli, lakini jina limezoeleka tangu nyuzi hizi zilipoanza kutumika katika miaka ya 1930. Sauti yake inang'aa. Ikiwa mpya hukata hewa, kila noti ina makali yake, na kodi ikicharazwa utasikia kama sarafu zinamwagika. Zinafaa gitaa lenye sauti nzito iliyofunikwa, na mpigaji anayetaka kusikika katikati ya vyombo vingine. Kasoro yake ni kwamba mng'ao hufifia upesi, na mwenye jasho kali anaweza kuupoteza ndani ya siku chache.

Fosfa bronzi ililetwa kwenye nyuzi za gitaa na kampuni ya D'Addario mwaka 1974. Ni shaba asilimia 92 hivi na bati, pamoja na fosfa kidogo mno inayosaidia kuzuia kutu. Rangi yake inaelekea wekundu, na sauti ni ya mviringo zaidi: besi zimejaa, juu kuna mng'ao uliotulia. Tabia yake hudumu muda mrefu kuliko 80/20. Kama hujui uanzie wapi, anzia hapa. Magitaa mengi hutoka viwandani na hizi, na ukishazijua vizuri unakuwa na kipimo cha kulinganishia nyingine.

Moneli ni mchanganyiko wa nikeli na shaba, nikeli ikiwa karibu theluthi mbili. Ni nyeupe, na zikiwa mpya hukatisha tamaa kwa sababu hazina ule mlipuko wa siku ya kwanza. Zipe siku kadhaa. Sauti yake ni kavu, ya mbao zaidi kuliko ya chuma, na haibadiliki haraka. Ninazipenda kwa kurekodi, kwani ulichosikia Jumatatu utakisikia Ijumaa, na hazipigi makelele chini ya vidole vinapoteleza. Zina faida nyingine kwa anayetumia pikapu ya sumaku, kifaa cha kunasia sauti ya nyuzi kinachowekwa kwenye tundu la sauti. Bronzi haivutwi na sumaku, kwa hiyo pikapu husikia kiini tu, na nyuzi mbili tupu za juu hutoka kwa nguvu kuliko zile nne. Nyuzi zilizoviringishwa nikeli huupunguza ukosefu huo wa uwiano. Kama gitaa lako lina kihisi cha pizo chini ya daraja, usijali, hicho husikia mtetemo na hakina habari na sumaku.

Hariri na chuma ni nyuzi ambazo kati ya kiini na waya wa nje zimewekewa nyuzinyuzi laini, na waya wenyewe ni wa shaba iliyopakwa fedha. Mvutano wake ni mdogo, sauti ni ya upole inayokaribia naironi. Zinawafaa wanaodonoa kwa vidole, wenye maumivu ya viungo, na magitaa kuukuu yanayostahili kuhurumiwa. Ukizicharaza kwa nguvu hutaambulia kitu.

Zipo pia nyuzi zilizovikwa ngozi nyembamba ya plastiki ili jasho na vumbi visiingie kati ya mizunguko ya waya. Elixir, zinazotengenezwa na kampuni ileile ya W. L. Gore inayojulikana kwa vitambaa visivyopenya maji, ziliingia sokoni mwaka 1997 na kuubadilisha uwanja huu. Huo ni ulinzi tu juu ya madini, na utakuta 80/20 na fosfa bronzi zote zikiwa zimevikwa. Hugharimu zaidi, huteleza kidoleni, na hudumu mara kadhaa ya zile za kawaida. Mwenye jasho linalokula chuma azichukue bila kusita. Asiye na tatizo hilo ajaribu zote mbili, kwa maana wapo wanaoona ngozi ile inapunguza makali ya sauti.

Kanuni ya kuoanisha ni nyepesi: ongeza kile gitaa lilichokosa. Gitaa linalolia kwa ukali lipe fosfa bronzi au moneli. Gitaa lenye besi inayovuma na kufunika maneno ya wimbo lipe 80/20.

Hatua ya 7: Kwa wenye gitaa la naironi

Kwenu ninyi pakiti husoma mvutano badala ya unene: wa kawaida, mkali, na mkali zaidi. Anzeni na wa kawaida. Mkali huongeza sauti na kupunguza mkwaruzo kwa mwenye mkono mzito, lakini hubana vidole, na gitaa jepesi linaweza kusinyaa sauti badala ya kuongeza.

Hadi miaka ya 1940 nyuzi hizi zilitengenezwa kwa utumbo wa wanyama. Vita vilipoufanya utumbo kuwa adimu, Albert Augustine wa New York alitengeneza nyuzi za naironi, akihimizwa na mpigaji Andrés Segovia, na naironi haijaondoka tangu hapo. Leo kuna pia nyuzi za kaboni, ambazo ni nzito kuliko naironi kwa ujazo uleule, kwa hiyo huwa nyembamba kwa noti ileile na sauti yake ni kali zaidi. Wengi huweka kaboni kwenye uzi wa tatu tu, kwa sababu uzi wa tatu wa naironi ni mnene na sauti yake mara nyingi hufifia ikilinganishwa na majirani zake.

Hatua ya 8: Badilisha kitu kimoja kwa wakati

Ukitoka 12 za 80/20 kwenda 11 za fosfa bronzi, na sauti ikabadilika, hutajua kilichoibadilisha. Tafuta kwanza unene ukiwa na madini yaleyale. Ukiupata, ushike huo, kisha jaribu madini.

Kabla ya kutoa nyuzi za zamani, rekodi kwa simu dakika moja ya kitu unachokijua vizuri, ukiwa umekaa mahali uleule, simu umbali uleule. Rekodi tena siku ya kufunga mpya, na tena baada ya wiki. Rekodi ya wiki ndiyo ya kuamua. Siku ya kwanza karibu kila seti mpya huvutia kwa sababu tu ni mpya, na sikio letu husahau haraka.

Hatua ya 9: Funga, kisha kagua gitaa upya

Toa na ufunge nyuzi moja moja, au zote kwa pamoja kama unataka kusafisha ubao wa freti. Gitaa halidhuriki kwa kukaa saa moja bila nyuzi. Unapoingiza pini ya daraja, elekeza mfereji wake upande wa uzi, na uvute uzi juu huku ukibonyeza pini, ili kile kidude cha mviringo kilicho mwishoni mwa uzi kikamate bamba la ndani. Kikibaki chini ya ncha ya pini, pini itaruka utakapokaza. Kichwani, mizunguko miwili au mitatu inatosha kwa nyuzi nene, minne kwa nyembamba. Tyuni, vuta kila uzi taratibu kwa vidole kwenye freti ya 12, tyuni tena, rudia hadi noti isishuke.

Kama umebadili unene, kazi haijaisha. Nyuzi nene huipinda shingo mbele, nyembamba huiacha irudi nyuma. Acha siku mbili shingo itulie. Kisha bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya 1 na ya 14 kwa pamoja, uangalie nafasi iliyobaki juu ya freti ya 7. Inatakiwa ipite karatasi moja au mbili za kawaida, yaani kati ya milimita 0.1 na 0.25. Ikiwa imezidi, kaza fimbo ya shingo robo mzunguko kwa mwendo wa saa. Kama uzi umelala kwenye freti, legeza kwa kiasi hichohicho. Usipite robo kwa siku, na kama funguo inagoma, simama, umpe fundi. Baada ya hapo pima urefu wa nyuzi juu ya freti ya 12: milimita 2.4 hivi kwa uzi wa sita na 1.8 kwa wa kwanza ni mahali pazuri pa kuanzia.

Mifereji ya mwanzo wa shingo nayo ina lake la kusema. Uzi mnene kwenye mfereji mwembamba hung'ang'ania, na unapotyuni utasikia kishindo kidogo huku noti ikiruka. Risasi ya penseli ikisuguliwa mferejini hupunguza tatizo hilo kwa muda, lakini tiba ni kupanua mfereji kwa tupa maalumu. Uzi mwembamba kwenye mfereji mpana utayumba na kukwaruza ukipigwa mtupu, na hapo fundi atajaza au kubadili kipande chote.

Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, juu na chini yake. Zibadilishe zikionyesha madoa ya kutu, zikipoteza sauti, au gitaa likikataa kukaa kwenye tyuni ukipanda juu ya shingo. Andika tarehe kwenye pakiti tupu, uiweke kwenye begi la gitaa pamoja na uzi wa kwanza na wa pili wa akiba, kwa kuwa hizo ndizo hukatika mara nyingi.